Mashine ya Rula Yapata Homa

Nje ya chumba cha kazi cha mchoraji wa ramani za nyumba, pale njia panda, pana kiti kirefu ambacho watu hukiita benchi ingawa si benchi. Ni kiti cha mbele cha lori. Kiling'olewa na dereva wake siku lori lenyewe lilipokwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kikapandishwa juu ya matofali, na tangu hapo kikawa kijiwe. Dereva huyo, ambaye mtaa mzima humwita Gia, alikikalia miaka kumi na tisa bila kukivua nailoni iliyotoka nacho kiwandani, na hata leo nailoni ipo, imegeuka rangi ya chai. Akikaa mtu dakika kumi, huinuka suruali imegandana na mapaja. Wakaaji wa kila siku ni watatu: Gia mwenyewe, fundi redio mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, jina lake Waya, na mchoraji mwenye chumba, ambaye hawezi kupiga mstari hata mchangani bila kutafuta kitu kilichonyooka, ndiyo maana akaitwa Rula. Wa nne ni muuza kahawa, ambaye haketi. Husimama na birika lake juu ya jiko la makaa, na wote humwita Shemeji kwa sababu zamani alimposa dada yake Gia akakataliwa, posa ikarudi, jina likabaki.

Asubuhi hiyo, yapata saa nne, Rula alitoka chumbani na bisibisi mkononi, akaketi bila kusalimia.

– Imezima tena, alisema.

– Imekaa muda gani? aliuliza Waya.

– Dakika mbili. Jana jioni ilikuwa inafika tano.

Shemeji alimmiminia kikombe bila kuulizwa. Rula alikipokea, akakishika tu.

Habari yenyewe ilikuwa imeanza juzi. Dada yake mkubwa Rula ni muuguzi mkuu wa zahanati ya mtaa, na kwa miaka miwili amekuwa akiibembeleza kamati ijenge wodi mpya ya wazazi. Wodi ya sasa ina mlango ambao machela haipiti mpaka iinamishwe upande, na mwezi uliopita mama mmoja alijifungulia ukumbini, hatua tatu kutoka kitandani. Kamati ilikuwa ikutane kesho saa tatu asubuhi kuchagua kati ya mambo mawili: wodi, au ukuta wa kuzunguka kiwanja. Wanakamati wengi hawasomi ramani. Ukiwaonyesha mistari huitikia kwa vichwa, kisha huupigia kura ukuta, kwa kuwa ukuta kila mtu anaujua ulivyo. Kwa hiyo dada alimwomba mdogo wake picha sita zinazoonyesha wodi kana kwamba imekwisha kujengwa: vitanda, madirisha, jua la asubuhi sakafuni, na machela ikipita mlangoni imelala sawasawa.

Kazi ya kugeuza ramani kuwa picha za namna hiyo Rula huiita kupika. Kompyuta yake ya mezani hukokotoa mwanga na vivuli kitone kwa kitone, na mzigo wote huiangukia prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mashine na haizidi upana wa kiberiti. Picha moja ilihitaji saa tatu. Sita, saa kumi na nane. Juzi asubuhi Rula aliitaja hesabu hiyo kijiweni, akasema angependa dada apate picha mapema ili akitaka kitanda kisogezwe kisogezwe. Gia alimhurumia. Akaeleza kwamba hakuna injini inayotoka kiwandani na pumzi yake yote. Lori lake lenyewe lilikuwa limefungwa gavana, kile kifaa cha kuzuia mwendo, na siku alipoifungua ndipo alipojua alikuwa anaendesha nini.

– Hiyo mashine yako iko gia ya pili, alisema. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ipandishe.

Rula alikwenda akapekua ukurasa wa mipangilio ya mashine, akakuta kweli kasi ya prosesa inapandishwa. Akakuta pia kwamba kasi ikipanda, umeme wa prosesa nao hupandishwa, la sivyo hutetereka. Umeme huo, kama ulivyotoka kiwandani, ulikuwa volti moja nukta mbili tano. Gia aliposikia alicheka hadi kofia ikaanguka. Lori lake lilikuwa la volti ishirini na nne. Hata jiwe la tochi, alisema, lina volti moja na nusu. Mashine gani hiyo inayokula kidogo kuliko tochi ikashiba?

Waya peke yake hakucheka. Alieleza kwa subira kwamba nyuzi zilizo ndani ya prosesa ni nyembamba kuliko utando wa buibui, na kwamba mlo wa mtoto mchanga haupimwi kwa sahani ya kuli. Kila prosesa ina mpaka wake, na mpaka wa hii aliusoma mwenyewe kwenye kurasa za watengenezaji: kwa kazi ya kila siku, isipite moja nukta tatu tano. Ili jambo lisisahaulike alichukua chaki akaandika namba hiyo juu ya fremu ya mlango wa Rula, akapiga mstari chini yake.

Rula alipandisha hadi moja nukta tatu tatu, akaanza kupika. Kasi ilikuwa nzuri ajabu. Lakini pembeni mwa kioo pana kipimo cha joto, nacho kilipanda mpaka nyuzi tisini na tatu, feni ndogo ikilia kama mbu ndani ya chandarua, na picha ya kwanza ilipofika nusu mashine ikazima. Gia alisema maji ya moto hayachomi nyumba. Waya akamjibu kwamba kompyuta si nyumba na hayo si maji, akashauri kinunuliwe kipozaji kikubwa, chenye mirija ya shaba na feni mbili.

Kipozaji kikaja jana mchana katika boksi zuri, nacho ni kikubwa kama kabichi. Waya alikifunga kwa mikono yake, Rula akishika taa, na Gia akisimamia kutoka mlangoni. Gia alikuwa na sharti moja tu, ambalo wote waliliona la busara: kisivuliwe kitu chochote mpaka kipozaji kijaribiwe, kwa maana duka halirudishi kitu kilichokwisha kuvuliwa nailoni. Mgeni njoo mwenyeji apone, alisema, akakipiga kipozaji kofi la upole kama anavyopigwa ng'ombe mpya.

Tangu saa hiyo mashine haikupita dakika tano.

– Sasa tuanze mwanzo, alisema Waya, akavua miwani akaifuta kwa shati. Ikizima, joto linasomaje?

– Tisini na tisa. Mia. Halafu giza.

– Na kipozaji chenyewe? Umekigusa?

– Nimekigusa. Cha baridi.

– Baridi namna gani?

– Kama pua ya mbwa.

Gia alipiga goti kwa kiganja, nailoni ikalia chini yake.

– Umeona? Kipozaji ni kizima! Kingekuwa kibovu kingekuwa cha moto. Tatizo tafuteni kwingine.

Hoja hiyo ilikuwa na sura ya ukweli, na ikawakalia wote vichwani. Kipozaji ni cha baridi, kwa hiyo kinapoza. Basi joto linatoka wapi? Waya alianza na la karibu: alisema huenda kipimo kinadanganya, kwani vipimo huzeeka kama watu, na yeye anamjua mzee mmoja ambaye huhisi homa kila anapodaiwa kazi. Rula akamwambia kipimo hakizimi mashine. Waya akasema kinaweza, ikiwa mashine inakiamini. Gia akasema yote hayo ni kuzungukazunguka: umeme wenyewe unatoka kwenye transfoma umeshapata moto, kwa sababu transfoma ya mtaa huu imekaa juani tangu enzi, na kitu kilichokaa juani hakiwezi kutoa kitu cha baridi. Alitaka waya wa mashine upitishwe kwanza ndani ya ndoo ya maji. Waya alifunga macho.

– Mzee Gia, alisema, waya wa umeme na ndoo ya maji? Tukuzike saa ngapi?

– Nimesema waya. Sikusema mkono.

Rula hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa akimfikiria dada yake, ambaye alikuwa amempigia simu alfajiri, kabla ya zamu. Hakumhoji, aliuliza tu, “Picha zikoje, mdogo wangu?” Naye akajibu, “Zinaendelea.” Dada akashukuru. Akasema usiku amelala usingizi mzuri, wa kwanza mwezi huu. Neno lile moja, “Zinaendelea,” lilikuwa limemkaa Rula kooni kama mwiba wa samaki, na kahawa ya Shemeji haikuutelemsha.

Tena palikuwa na jambo jingine, na hilo hakumwambia mtu.

Waya aliinuka kwenda mlangoni kuitazama namba yake ya chaki, kama daktari anavyorudi kwenye cheti. Akauliza, bila kugeuka:

– Rula, volti umeziacha pale pale?

Rula aligeuzageuza bisibisi yake.

– Rula.

– Jana jioni, ulipokwenda zako. Ilipozima mara ya tatu. Mzee alisema gari likizimika njiani, mafuta hayafiki.

– Ukapandisha?

– Nikapandisha.

– Mpaka wapi?

– Moja nukta nne mbili.

Waya aliiangalia namba yake, kisha akaangalia mstari aliouchora chini yake. Akarudi akaketi.

– Umeiunguza, alisema taratibu, kama mtu anayetoa habari ya msiba. Au hujaiunguza. Volti iliyozidi ni kama mchwa, haiangushi nyumba siku moja. Lakini volti iliyozidi na nyuzi mia kwa pamoja, hapo mimi siwezi kukuapia.

– Ramani zenyewe zimo salama, alisema Rula. Zimo kwenye diski.

– Zimo. Na nani mwingine hapa ana mashine ya kuzipika kabla ya kesho saa tatu?

Hakuna aliyekuwa nayo. Rula aliyajua hayo kabla hayajasemwa. Tangu ile mara ya mwisho hakuthubutu kubonyeza tena kitufe, akihofia kwamba safari hii hata taa haitawaka.

Ilikuwa ni desturi ya kijiwe kwamba mtu akiumia, wengine humtafutia sababu kubwa kuliko kosa lake. Gia alianza. Alisema Rula asijilaumu. Watengenezaji ndio wenye lawama. Wao huweka farasi wengi ndani ya prosesa, huwalaza, kisha hukaa huko kwao na kitabu wakiangalia nani anawaamsha bila ruhusa, na wakimwona, wanamzimia. Waya aliuliza watamwona kwa njia gani ilhali mashine haijaunganishwa na mtandao tangu juzi. Gia akasema hao hawahitaji mtandao. Penye miti hapana wajenzi.

– Hiyo nayo inaingiaje hapo, mzee?

– Itaingia tu. Ngoja.

Waya naye, ambaye kwa kawaida ni mtu wa vipimo, alianza kuteleza. Alisema huenda mirija ile ya shaba imefungwa kichwa chini, na badala ya kutoa joto la prosesa nje, inavuta joto la njia panda ndani. Ndiyo maana kipozaji ni cha baridi: joto lote kimelimwagia prosesa. Gia alilipenda wazo hilo mno, akaongeza kwamba yeye binafsi tangu jana anahisi njia panda ina kibaridi.

Shemeji, ambaye alikuwa akipuliza makaa, aliinua kichwa.

– Mimi sijui mashine, alisema. Lakini nikikuta birika la baridi na makaa ni mekundu, siendi kutazama transfoma. Natazama kama birika limekaa kwenye makaa.

– Shemeji, mimina kahawa, alisema Gia.

Shemeji akamimina. Lakini alikuwa ameshaonja utamu wa kutoa wazo, na kwa kuwa wazo lake la kwanza halikupokewa, alileta la pili, lililokuwa kubwa zaidi.

– Kwani hizo picha mnazopika zina nini ndani?

– Wodi, alisema Rula.

– Na nini tena?

– Vitanda. Madirisha sita. Jua la asubuhi linaingia, linapiga sakafuni.

– Basi, alisema Shemeji, akaliweka birika chini. Unapika jua tangu juzi, jua lenyewe la madirisha sita, halafu unauliza joto linatoka wapi.

Watu watatu wazima walimtazama. Waya alikunja uso kama mtu anayekagua hesabu ngumu, na ilimchukua muda usiofaa mtu wa ufundi wake kusema kwamba hapana, haiwezekani. Hata Rula, pamoja na mwiba wake kooni, alijikuta akijiuliza kama wodi ingepikwa wakati wa mawingu ingekuwaje.

Hapo ndipo alipofika mwanamke aliyehamia kona ya pili juma lililopita, anayeuza miche ya miti na maua. Kijiweni hajawahi kusimama. Hupita, husalimia, huenda. Jina lake hawakulijua bado, na wao kwa wao walimwita Mama Miche. Jana jioni alikuwa amemwomba Rula lile boksi tupu la kipozaji apangie miche yake, naye Rula akampa pamoja na takataka zake zote.

– Hamjambo, ndugu zangu. Samahani kwa kuwakatiza.

– Hujakatiza kitu, mama, alisema Gia. Tulikuwa tumeishia kwenye jua.

– Nimeleta hii. Ilikuwa chini ya boksi, imekunjwa. Nikasema kitu kilichoandikwa si cha kutupia udongo, huenda mnaihitaji.

Akampa Rula karatasi. Ilikuwa ni ile karatasi ya maelezo inayokuja na kipozaji, ambayo haikuwa imefunguliwa, mikunjo yake ingali mikali. Waya aliitazama, akasema kwa heshima ya ukubwa wake kwamba asante, lakini kufunga kipozaji ni jambo la mkono, halisomwi. Mama Miche alikubali. Akasema naye hazijui lugha zile. Alitazama picha tu, maana amezoea kutazama picha kwenye pakiti za mbegu. Zote alizielewa, isipokuwa moja. Aliinama juu ya mkono wa Rula, akaweka kidole kwenye picha ya pili.

– Huu mkono hapa, alisema. Umeshika ncha ya kitu, unakivuta kutoka chini ya hili dude. Unabandua nini?

Rula aliitazama picha. Waya aliinama akaitazama, kisha akavua miwani, ingawa bila miwani haoni. Gia aliangalia ng'ambo ya barabara. Wote watatu walikuwa wamerudi kimawazo jana mchana, mlangoni pa chumba, pale liliposemwa lile neno la busara: kisivuliwe kitu chochote.

– Fundi, alisema Rula. Chini ya kipozaji. Pale panapokaa juu ya prosesa.

– Palikuwa panang'aa, alisema Waya. Nikasema shaba ya siku hizi wanaing'arisha vizuri.

Waliingia ndani wote, Mama Miche akibaki kizingitini na Shemeji nyuma yake, birika mkononi. Rula alichomoa waya wa umeme ukutani. Waya alifungua skrubu nne, akakizungusha kipozaji kidogo, akakiinua, akakipindua. Chini yake, juu ya shaba, palikuwa na nailoni nyepesi kama ganda la kitunguu, safi, imepakwa upande mmoja ile krimu ya kijivu ya kupitishia joto, na kwenye ncha yake ulimi mdogo mwekundu wa kushikia. Kipozaji kile chote, kikubwa kama kabichi, kilikuwa kimekaa usiku kucha kimevaa koti, na prosesa chini yake inaungua kwa homa.

Waya alishika ule ulimi mwekundu, akavuta. Nailoni ilitoka kwa mlio mdogo.

Walifuta krimu ya zamani kwa kitambaa, wakapaka mpya, tone moja tu kama punje ya njugu mawe. Waya alitoa betri ndogo ya mviringo, ile kama kifungo cha koti, akaihesabia dakika kumi nje ya mahali pake, ili mashine isahau volti za jana na kurudi katika zile za kiwandani. Moja nukta mbili tano. Kasi ile ile ya mwanzo. Rula hakutaka hata nukta zaidi. Kisha akairudisha betri, akafunga kipozaji, akachomeka waya, na kidole chake kikakaa juu ya kitufe muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

– Bonyeza, mwanangu, alisema Gia. Mimi ndiye niliyesema isivuliwe. Kama imekufa, nitakwenda mwenyewe kwa dada yako.

Alibonyeza. Feni mbili zikazunguka bila kelele. Kioo kikabaki cheusi kwa pumzi mbili, tatu, kisha kikawaka.

Rula alisoma kipimo kwa sauti, kwa kuwa Gia alikuwa hajaleta miwani yake. Thelathini na nane. Akaanzisha picha ya kwanza. Arobaini na tisa. Hamsini na tano. Wakasubiri. Dakika ya pili ikapita, ya tano ikapita. Sitini na moja, na hapo joto likakaa kama mtu aliyepata kiti chake. Waya aliweka kiganja juu ya mirija ya shaba, akakiacha hapo.

– Ina uvuguvugu, alisema, na sauti yake ilikuwa imelegea. Sasa ndiyo inafanya kazi. Jana ilikuwa ya baridi kwa sababu haikuwa ikipokea kitu.

Akamweleza Rula yale aliyopaswa kuyakumbuka tangu mwanzo, na aliyaeleza bila kujificha. Prosesa ina ulinzi wake: ikifika mpaka wa joto hujizima kabla haijaungua. Kila walipoiona imezima wakadhani inakufa, ilikuwa inajiokoa, na wao wakairudisha motoni. Usiku mmoja wa volti za juu haukuimaliza; lakini angeendelea nazo mwezi au miwili, nyuzi zile zingeliwa kidogokidogo, na siku ingezima isiwake, na hakuna ambaye angejua ni lini ilianza kufa.

Rula alipiga hesabu kwa vidole, kisha akaipiga tena. Sasa ni saa tano asubuhi. Saa kumi na nane mbele ni saa kumi na moja alfajiri. Kamati inakutana saa tatu.

– Hata gia ya pili inafika, alisema Gia polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya kaburini mwake mwenyewe.

– Mzee, ningeiacha ilivyokuwa juzi, ingekuwa imemaliza tangu jana.

– Najua. Usiniambie.

Simu ililia mezani. Alikuwa ni dada. Nyuma yake zilisikika sauti za wodi, mtoto mchanga akilalamika, chuma kikigongana na chuma. Alisema hataki kumsumbua; ila mwenyekiti wa kamati amepita, ameuliza kama kweli picha zitakuwepo, naye amemwahidi. Je, zikoje?

Rula aliangalia kioo. Kwenye pembe ya juu, mahali ambapo picha huanzia, dirisha la kwanza la wodi lilikuwa limeanza kujitokeza, na chini yake ukanda mwembamba wa jua.

– Zinaendelea, dada.

– Alhamdulillahi. Mbona sauti yako imebadilika? Umelia?

– Nimekunywa kahawa ya Shemeji.

Dada alicheka, akakata simu. Rula aliketi pale pale kwenye kiti chake cha kuchorea, akahisi mwiba haupo. Baadaye kidogo alikumbuka kwamba hakumshukuru yule mwanamke, akatoka haraka.

Mama Miche alikuwa bado yupo, kwa sababu Shemeji alikuwa amemzuia kwa kikombe. Shemeji alikuwa akimweleza kwamba mgeni njoo mwenyeji apone, na safari hii msemo ulikaa mahali pake, ila Gia, mwenye msemo huo, hakujitokeza kuudai. Gia alikuwa amepiga magoti barabarani. Alikuwa ameingiza ukucha chini ya ncha ya nailoni ya kiti cha lori, pale ilipobanwa na misumari miaka mingi, akawa anavuta. Nailoni ilitoka vipande vipande, vingine vikavu kama magamba, na Waya akamshikia upande wa pili bila kuulizwa sababu. Chini yake palikuwa na kitambaa cha buluu chenye mistari myeupe, kipya kabisa, rangi ambayo hakuna mtu wa njia panda ile aliyewahi kuiona.

– Miaka kumi na tisa, alisema Gia. Na minne hapa. Nimekaa juu ya jasho langu mwenyewe.

Walimpisha Mama Miche aketi kwanza. Aliketi, akapapasa kitambaa kwa kiganja, akasema ni kizuri, hakichomi. Kisha wakaketi wengine. Kupitia mlango ulioachwa wazi ilisikika feni ya Rula, sauti ndogo isiyopanda wala kushuka. Shemeji alizunguka na birika kuwajazia vikombe, akaliinamisha, akaliinamisha zaidi, kikatoka kijitone kimoja chenye machicha.

– Imekwisha, alisema, akalifunika.

Hakuna aliyeinuka.